Mtoto wa chekechea na dunia kubwa: shughuli za nyumbani, hatua kwa hatua

Mwulize mtoto wa miaka minne anayekaa Mbagala kama yeye ni Mtanzania, na usishangae akikujibu, "Hapana, mimi nakaa Mbagala." Hatanii. Katika umri huo mtu ana mahali pamoja tu: ukiwa hapa, huwezi kuwa kwingine. Kwamba Mbagala imo ndani ya Dar es Salaam, Dar imo ndani ya Tanzania na Tanzania imo ndani ya Afrika, ni jambo linalokuja taratibu, na kwa wengi huja wakiwa wameshaanza darasa la kwanza. Kwa hiyo lile bango la ramani ya dunia linalotembezwa na machinga kwenye foleni, lenye bendera na miji mikuu yote, bado si lake. Atalikariri, wageni watampigia makofi, na hatakuwa ameelewa chochote.

Lakini dunia yenyewe imeshaingia ndani. Imo kwenye kopo la viungo, kwenye lebo ya shati la mtumba, kwenye simu ya shangazi aliyeko Muscat, kwenye upepo unaopeperusha nguo kambani. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: mtoto ashike kitu kwanza, kisha ajue kimetoka wapi, na ramani ije mwishoni. Umewalenga wazazi, bibi, dada wa kazi na yeyote anayeshinda na mtoto wa miaka 3 hadi 6. Mifano mingi ni ya Dar na Pwani; ukiwa Kisumu au Bujumbura, badilisha majina ya masoko na mazao.

Kabla ya kuanza

Shughuli moja, dakika 10 hadi 15, basi. Akitaka kuendelea mwache; akinyanyuka akaenda zake, usimrudishe. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya chai, au jioni akishaoga na kabla hajaanza kusinzia. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na usiogope kurudia shughuli ileile. Wewe utaichoka siku ya pili; yeye ndiyo kwanza ataanza kuifaidi.

Vifaa vingi unavyo: sinia, beseni, sufuria za saizi tofauti, kifuu cha nazi, tochi ya simu, chungwa, maboksi matupu ya viberiti, karatasi na kalamu za rangi. Vya kununua ni mpira mmoja wa plastiki, ukipata wa bluu ni bora zaidi, na maka peni isiyofutika kwa maji.

Kuhusu usalama, mambo matatu. Punje, karanga, maharage na sarafu huishia puani au kooni kwa watoto wadogo, kwa hiyo wewe uwe umekaa hapo hapo, na ukimaliza uvihesabu na kuviweka juu. Mtoto asiachwe peke yake na beseni la maji hata kama maji ni machache. Na pilipili kichaa isiingie kwenye shughuli hizi kabisa, maana mikono ya mtoto haikawii kufika machoni.

Hatua ya 1: Petu hapa

Chukua maboksi ya viberiti na uyapange sakafuni yawe chumba mnachokaa. Hili kitanda, hili kabati, hili kochi. Yapange yakiangalia upande uleule wa vitu halisi. Ukiyageuza, mtoto wa miaka mitatu au minne atapotea, na utadhani haelewi kumbe umemchanganya wewe. Mwache ataje kila boksi ni nini.

Sasa ficha mdoli wake chini ya mto kitandani, yeye akiwa nje. Mwite, weka punje ya harage juu ya boksi la kitanda, umwambie, "Mdoli amejificha hapa. Nenda kamtafute kule." Akienda moja kwa moja hadi kitandani, ameshasoma ramani yake ya kwanza. Akianza kupekua kila mahali, hakuna tatizo, jaribuni tena wiki ijayo. Halafu mgeuze: yeye afiche, wewe utafute. Hapo ndipo kucheka kunapoanzia.

Akishaizoea, toa sufuria zote za kabatini, zile zinazoingiana. Ndani ya ile ndogo kabisa weka mdoli: hii ni nyumba yetu. Iingize kwenye inayofuata: huu ni mtaa wetu. Inayofuata ni Dar es Salaam, kisha Tanzania, kisha Afrika, na ile ya pilau ya shughuli ndiyo dunia. Mdoli hajatoka nyumbani, ila yumo kwenye zote. Usimwulize maswali ya mtihani. Mwache azitoe na kuzirudisha mwenyewe, zigongane, zipige kelele, na wewe utaje tu jina la kila moja inapopita mkononi mwake. Hakuna maelezo ya mdomo yatakayofanya kazi hii vizuri kuliko sufuria.

Hatua ya 2: Mtaani

Kabla ya kwenda dukani kwa Mangi, mwulize: "Tutapita nini kwanza?" Kushoto na kulia bado vinamsumbua, kwa hiyo tumieni alama: mwembe, msikiti, mashine ya kusaga, bajaji zinapopaki. Mkirudi, achore njia. Mchoro utakuwa mistari iliyopinda na duara moja kubwa (huyo ni mbwa wa jirani), na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Andika tarehe nyuma ya karatasi uihifadhi. Baada ya miezi sita achore tena njia hiyohiyo, uone.

Hatua ya 3: Jikoni

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko kwingine.

Siku ya kwanza, kazi ni ya pua na vidole tu. Kwenye sinia weka vikundi vidogo: mchele, mahindi, karafuu, mdalasini, majani ya chai, buni au kahawa ya unga, kokwa za tende, kipande cha nazi. Mfunge macho kwa mtandio, anuse kimoja kimoja. Wengi hukunja uso kwenye karafuu na kuiomba tena. Usitaje nchi yoyote siku hiyo. Anachohitaji ni majina na harufu.

Siku ya pili, mwulize swali moja: "Hiki kilikuwa wapi kabla hakijafika kwetu?" Atasema, "Kwenye kopo." Na kabla ya kopo? "Kwa Mangi." Na kabla ya kwa Mangi? Hapo atakutumbulia macho, na hapo ndipo pa kwenda. Nendeni dukani mkamwulize Mangi mwenyewe, kwa heshima, asubuhi wateja wakiwa wachache: "Shikamoo. Mtoto anauliza, mchele huu umetoka wapi?" Wauza duka wengi hulipenda swali hili kuliko unavyodhani. Atawaambia Kyela, au Mbarali, au Shinyanga, na pengine atamwonyesha maandishi kwenye gunia.

Kama unaweza, siku ya tatu nendeni sokoni. Dar ina utajiri wa ajabu kwa shughuli hii. Mabibo kuna ndizi zilizopanda lori kutoka Tukuyu. Machungwa mengi hutoka Muheza, nanasi Kiwangwa upande wa Bagamoyo, viazi mviringo Njombe na Mbeya, vitunguu Singida au Mang'ola. Feri, pale Kivukoni, samaki anaonekana akishushwa chomboni, na dagaa wakavu wanaouzwa masokoni wamevuliwa Ziwa Victoria au Kigoma. Kenya nako hali ni hiyohiyo: mchele wa Mwea, chai ya Kericho, maembe ya Makueni. Chagueni kitu kimoja tu kwa safari moja. Mtoto aliyefuatilia kitunguu kimoja kutoka sahani hadi lori ameelewa mengi kuliko aliyetajiwa mikoa kumi.

Mkirudi, chezeni safari hiyo kinyumenyume sakafuni: kibiriti kiwe lori, mkeka uwe barabara, mto uwe mlima. Lori lipakie vitunguu viwili vya kweli, lipite, likwame kwenye tope, lisukumwe, lifike. Mwache atie mambo yake. Kwangu mimi lori likikwama huo ndio uhondo wenyewe.

Baada ya wiki kadhaa za mazao ya karibu, unaweza kuvuka bahari. Mdalasini asili yake Sri Lanka. Pilipili manga ilitoka India, pwani ya Malabar. Karafuu, ambayo leo tunaihesabu kuwa mali ya Pemba na Unguja, asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, ikaletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Mahindi ya ugali wetu wa kila siku yalitoka Mexico, muhogo na karanga Amerika ya Kusini, na nyanya nayo ni ya upande huohuo. Ila kahawa ni yetu sisi Waafrika, asili yake Ethiopia. Mtama na kunde pia ni za bara hili, na tikiti maji hali kadhalika.

Haya nimeyaandika kwa ajili yako mzazi. Mtoto wa miaka mitano hahitaji karne ya 19. Mwambie tu, "Zamani sana, kabla bibi hajazaliwa, mahindi hayakuwepo huku. Yalikuja kwa meli." Uwe mwangalifu usichanganye hadithi mbili kwa siku moja: ya mahindi kuja kutoka Mexico na ya sembe yenu kuja kutoka Iringa. Atatoka hapo akidhani kuna basi la Iringa kwenda Mexico.

Hatua ya 4: Kabatini na kwenye pochi

Fupi hii. Siku ya kukunja nguo, tafuteni lebo kwenye kola. Mtoto hajui kusoma, lakini anaweza kulinganisha maandishi: hizi mbili zinafanana, hii ni tofauti. Wewe msomee: China, Bangladesh, Uturuki, India. Panga mafungu. Fungu la China mara nyingi hushinda, naye atataka kujua kwa nini. Jibu la "kule wana viwanda vingi vya kushona nguo" linamtosha.

Kisha sarafu. Weka sarafu chini ya karatasi nyembamba, asugue juu kwa kalamu ya rangi iliyolazwa ubavu mpaka picha itokee. Sarafu ya Tanzania ya shilingi 50 ina kifaru na mtoto wake, ya 100 ina swala, ya 200 simba, ya 500 nyati. Za Kenya zilizotolewa mwaka 2018 zina twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20. Kama kuna ndugu aliyerudi safari na sarafu za kigeni, mwombe mbili tatu. Kifaru wa Tanzania na kifaru wa Kenya wakiwekwa pamoja huzua maswali mazuri, mojawapo likiwa kama ni kifaru yuleyule aliyevuka mpaka.

Hatua ya 5: Jua linakwenda wapi?

Hili ni swali ambalo mtoto atakuuliza hata usipomfundisha. Jibu la kawaida ni "limekwenda kulala", na sina ugomvi nalo kwa mtoto wa miaka miwili. Wa miaka minne na nusu anastahili zaidi.

Fungeni mapazia, zimeni taa. Chungwa ndiyo dunia. Kwa kijiko kidogo cha ugali bandika punje ya mchele upande mmoja: hapa ni sisi. Upande wa pili kabisa bandika harage: huku yuko shangazi, Marekani. Simamisha simu mezani tochi ikiwa imewaka, hilo ndilo jua, na lisisogezwe. Mtoto ashike chungwa, juu na chini kwa vidole, alizungushe polepole.

"Mchele uko kwenye mwanga?"
"Eeh."
"Kwa hiyo kwetu ni?"
"Mchana."
"Na harage?"
"Liko gizani, mama! Shangazi kalala!"

Zungusha tena. Sasa shangazi ameamka na sisi tumelala. Rudia mpaka aache kutazama tochi na aanze kutazama chungwa, maana kosa la watoto wengi ni kutaka kulihamisha jua.

Akikwama, mfanye yeye mwenyewe awe dunia. Asimame mbele ya tochi, pua yake iwe nyumbani. Ageuke polepole kwa kuelekea mkono wake wa kushoto, kwani ndivyo dunia inavyozunguka. Tochi itaanza kuonekana upande wa bega lake la kushoto, itapita mbele ya uso, itapotelea upande wa kulia. Bega la kushoto ni mashariki, la kulia ni magharibi. Jua halikwenda popote. Ni yeye aliyegeuka. Azunguke mara mbili tu, akizidisha ataanguka.

Kisha hakikisheni kwa simu. Kama mna ndugu New York au popote mashariki ya Marekani, pigeni simu ya video saa 12 jioni ya huku, jua likikaribia kuzama. Kule itakuwa saa 4 asubuhi kuanzia Novemba hadi mapema Machi, au saa 5 katika miezi mingine, kwa kuwa wao hubadilisha saa. Mwombeni afungue pazia aonyeshe nje. Mtoto atazame dirisha letu, kisha dirisha la shangazi. Saa hiyohiyo London ni mchana, saa 9 au 10, na Beijing ni saa 5 usiku. Mwenye ndugu Muscat ataona tofauti ndogo tu, maana wako mbele yetu kwa saa moja. Hata hivyo kule giza huwa limeshaingia wakati kwetu bado kweupe, hasa miezi ya Desemba na Januari.

Mwezi unafaa kuangaliwa kwa kipindi kirefu zaidi. Anzeni siku ya mwezi mwandamo, kila usiku achore alivyouona kwenye kisanduku kimoja cha karatasi, hadi uandame tena baada ya siku 29 au 30. Usiku wa mawingu achore mawingu. Huku kwetu karibu na ikweta hilali hulala chali. Ndugu aliyeko Ulaya ataiona imesimama zaidi. Mwombeni atume picha.

Hatua ya 6: Bahari ndani ya beseni

Jaza beseni nusu. Weka jiwe moja upande huu, liwe Zanzibar, Lamu au Mombasa, na jingine upande wa pili, liwe Arabuni. Nusu ya kifuu ndiyo jahazi. Mlingoti ni njiti iliyosimikwa kwenye donge la ugali mgumu, na tanga ni jani la mwembe lililotobolewa juu na chini.

Mtoto akae nyuma ya jiwe la Arabuni, apakie tende moja, apulize. Huo ni Kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Jahazi likifika, tende inashushwa na kuliwa. Hapo hutapata taabu ya usikivu. Sasa lipakieni karafuu na kijiti kimoja cha boriti. Ajaribu kulirudisha akiwa amekaa upande uleule: litamgomea, litabaki limebanwa kwenye jiwe la kwetu. Mwache ahangaike kidogo. Kisha ahamie upande huu apulize kuelekea kule. Huo ni Kusi, unaoanza kuvuma kama Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi. Kwa karne nyingi mabaharia wa Arabuni, India na pwani yetu walisafiri hivyo: waje na Kaskazi, wangoje, warudi na Kusi. Walileta tende, mazulia na vyombo, wakaondoka na boriti za mikoko, pembe na baadaye karafuu. Kungoja kwenyewe ni somo. Mtoto anaelewa vizuri sana habari ya mtu anayetaka kurudi kwao na hawezi mpaka upepo ugeuke.

Nje, fungeni kipande cha kanga kwenye fimbo na muisimike palipo wazi. Kila baada ya wiki chache atazame kinapepea kuelekea wapi. Mkianza Februari na kuangalia tena Juni, atajionea kimegeuka. Walio Pwani hili hutokea wazi. Bara kwenye milima upepo una mambo yake.

Kipindi hichohicho tazameni nyaya za umeme. Kuanzia Septemba au Oktoba mbayuwayu huja kwa makundi wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia, na ifikapo Aprili wengi huwa wameshaondoka kwenda kutaga kule. Wapo pia mbayuwayu wa hapahapa wasiohama, kwa hiyo usiape kwamba kila unayemwona ni mgeni. Chora waya mrefu kwenye karatasi, ibandike ukutani, na kila siku mtakapowaona makundi makundi achore alama ya ndege. Waya utajaa, halafu utakaa miezi bila alama.

Hatua ya 7: Barafu

Usiku weka mwanasesere wa mnyama kwenye kontena la aiskrimu, mimina maji, ingiza kwenye friza. Asubuhi mpe mtoto donge hilo juani na kijiko, chumvi na maji ya uvuguvugu, amwokoe mnyama. Kama hamna friza, nunueni barafu ya mtaani.

Hapa ndipo pa kuwataja dubu wa barafuni na pengwini, na kurekebisha jambo moja ambalo katuni nyingi huliharibu: hawakai pamoja. Dubu hao wako kaskazini ya mbali, pengwini wako kusini. Tena wapo pengwini wanaoishi Afrika, kwenye fukwe za Afrika Kusini, bila barafu yoyote. Na barafu tunayo juu ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, ijapokuwa inazidi kupungua. Wala usiishie kwa wanyama wa mbali. Ni aibu mtoto wa Dar amjue dubu wa barafuni na asimjue kasa, anayetaga mchangani pale Mafia na Watamu.

Hatua ya 8: Watoto wa kwingine

Sipendi ile siku ya "kuvaa Kihindi" au "kuvaa Kichina" inayoishia kwenye picha. Inamfundisha mtoto kwamba watu wengine ni mavazi. Afadhali aanze na kile anachofanya yeye ambacho na wenzake wa mbali wanakifanya.

Mdako ni mfano mzuri. Mawe matano, unarusha moja, unaokota mengine kabla halijatua. Watoto wa Korea wanacheza karibu mchezo huohuo na wanauita gonggi. Bao letu lina ndugu zake Ghana na Nigeria. Tiara zinazorushwa uwanjani jioni zinarushwa pia China, na huko Ahmedabad, India, kuna siku kila Januari ambapo anga lote hujaa tiara. Cheza naye kwanza, mwambie baadaye, huku bado ana mawe mkononi. Kwa mtoto wa miaka mitatu tumia mawe makubwa asiyoweza kuyameza, mawili tu.

Salamu nazo zinaingia kirahisi wakati wa kula au kuoga. Anzeni na za karibu: Mwangaluka ya Wasukuma, Ugonile ya Wanyakyusa, Sopa ya Wamasai, Oli otya ya Waganda, Muraho ya Rwanda. Kisha Namaste, kisha Ni hao. Iwe salamu moja kwa wiki, na ikiwezekana aitumie kwa mtu halisi: fundi wa Kimasai anayerekebisha ndala, au jirani wa ghorofa ya pili. Na jirani akisherehekea sikukuu ambayo si yenu, iwe Idi, Krismasi au Diwali, nendeni mkampongeze. Mtoto apeleke sahani kwa mikono yake.

Hatua ya 9: Sasa dunia nzima

Baada ya miezi kadhaa ya hayo yote, toa ule mpira wa bluu. Kwa maka peni chora mabara kwa makadirio, ukianza na Afrika, na uichore kubwa. Ramani nyingi za ukutani zinaidhulumu: zinaonyesha Greenland ikilingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kama mara 14 zaidi. Kwenye mpira kosa hilo unaliepuka kirahisi.

Sasa bandikeni kwa gundi vitu mlivyokwisha kuvishika. Kipande cha mdalasini Sri Lanka, punje ya mahindi Mexico, kijiuzi cha lebo ya shati China, unyoya wa kuku ukiwa mbayuwayu huko Ulaya, nukta nyekundu kwa shangazi. Kila kinachobandikwa awe anakijua kwa mkono. Mahali pasipo na kitu paache patupu; patajaa siku ikifika. Kama anapenda mpira wa miguu, ongezeni bendera ndogo za timu anazozisikia, na mwambie kwamba AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja.

Akiuliza yasiyo na jibu jepesi

Dunia inaishia wapi? Mpe mpira atembeze kidole mpaka afike mwisho. Hatafika.

Akiona vita au mafuriko kwenye taarifa ya habari, zima kwanza, kisha mwulize ameona nini. Mara nyingi alichoogopa si kile unachodhani. Jibu kwa sentensi mbili: kilichotokea, na nani anawasaidia wale watu. Akiuliza kama kitatokea kwetu, mwambie ukweli kwa kiasi chake, na umwonyeshe nyinyi mnalindana vipi.

Mkiwa ughaibuni

Mpango ni huuhuu ukiwa umegeuzwa. Kwa mtoto aliyezaliwa Leicester au Toronto, "kwingine" ni Tanga kwa bibi. Anza na chumba chake, mtaa wake, duka lake la kona, kisha kitu cha kushika kutoka nyumbani, kama kanga ya bibi au kifuu, kisha simu. Simu ya dirishani inafanya kazi pande zote mbili, na bibi mara nyingi huifurahia kuliko mtoto.

Mkisafiri: kamba ya safari

Tuseme mnakwenda Moshi kwa basi kutoka Dar. Mpe mtoto kamba ya katani au uzi mnene wa urefu wa mkono wako. Kabla ya kuondoka afunge fundo la kwanza: nyumbani. Kisha kila mahali panapotajwa au basi linaposimama, afunge jingine kwa mpangilio: Kibaha, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, Moshi. Kwenye fundo la Korogwe anaweza kufungia ganda la chungwa, la Same kipande cha mkonge. Kati ya mafundo mwulize anaona nini dirishani: mkonge umeanza? Milima iko upande wako au wangu? Kamba itamweleza umbali kuliko kilomita, na jibu la "tumekaribia?" liko mkononi mwake.

Wakati wa kurudi afungue fundo moja kila kituo, akianzia Moshi. Kwa hiyo mwelekeze ayafunge kwa kulegeza, maana fundo lililokazwa Segera halifunguki kwa vidole vya mtoto wa miaka minne, na hamtataka kilio cha kuanzia hapo hadi Kibaha.